Skrubu Mbili za Nyuma

Ukitoka pwani ya Uswidi kaskazini ukaelekea milima ya mpakani, kulikuwa na fundi bunduki mmoja tu, naye alikuwa mwanamke, Siv Norberg. Kibao juu ya mlango wake kiliandikwa "Ragnar na Kijana Wake." Baba yake Ragnar alikichongesha mapema, mkewe akiwa bado mjamzito, kwa uhakika kwamba atapata mtoto wa kiume. Akazaliwa Siv, na baada yake hakuja mwingine. Kibao kilikuwa kizuri, cha mbao ngumu, kikaachwa. Siv alipofikisha miaka hamsini na minane, wateja wapya walikuwa bado wanaingia wakimuulizia huyo kijana.

Kazi yake ilikuwa ya msimu. Kuanzia mwisho wa Julai wanaume walianza kuingia na bunduki zao ndani ya mifuko, maana Jumatatu ya kwanza ya Septemba msako wa elgi unafunguliwa, na elgi, mrefu kuliko farasi na pembe pana kama koleo, ndiye anayejaza majokofu ya nyumba zote za huko. Mwezi mzima wa Agosti duka lilikuwa limejaa. Huyu anataka kitako kipunguzwe, yule mtutu wake umeshika kutu. Walisimama mbele ya meza yake wakizungumza juu ya risasi na upepo, kisha wakaondoka. Katikati ya Septemba alikuwa anabaki na redio.

Si kwamba watu wa kule ni wabaya. Hawana tu desturi ya kumtembelea mtu bila kualikwa, na huwaalika walewale waliowaalika siku zote. Wenyewe husema ndiyo kwa kuvuta pumzi ndani, bila neno, na unaweza kumaliza mazungumzo na jirani kwa pumzi tatu. Siv aliwahi kuolewa miaka mitano na mpima ardhi aliyehamia kusini, na Siv hakutaka kumfuata. Uwindaji nao unakwenda na ardhi, na ukoo wa Norberg haukuwa na msitu, ulikuwa na kiwanja cha duka tu. Kwa hiyo miaka ishirini na saba alikuwa amezishika bunduki za makundi yote ya wawindaji wa wilaya ile, na hakuna kundi hata moja lililowahi kuwa na sababu ya kumwita porini.

Siku moja mwanzoni mwa Agosti, saa tano asubuhi, aliingia Evert Sjödin. Alikuwa mzee wa miaka sabini na sita, mrefu, aliyeendesha mashine za kukata miti mpaka alipostaafu. Mkewe Gudrun alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Aliweka bunduki mezani akaivua darubini yake ya zamani na kuisukuma kando.

"Hii basi tena," alisema. "Nikishampata elgi humo ndani, yeye ameshafika Norwe. Nataka ile ya nukta nyekundu wanayotumia vijana."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeomba fimbo ya kutembelea. Siv hakumcheka. Alitandika kitambaa cha sufu mezani akampangia vilengeo vitatu. Alimweleza kwamba nukta ile ni mwanga unaorushwa kwenye kioo, kwa hiyo asihangaike kuliweka jicho mahali pamoja kama kwenye darubini. Aache macho yote mawili wazi, amtazame mnyama na si nukta, na nukta ikikaa begani mwa mnyama, afyatue. Kimoja kilikuwa kidogo, kioo chake kiko wazi. Hicho alikirudisha kabatini mwenyewe, kwa sababu Evert huketi kwenye mvua na theluji, na tone moja la maji likiangukia pale mwanga unapotokea, nukta hupotea. Vilivyobaki vilikuwa vya bomba, vimezibwa pande zote. Tofauti yake ilikuwa ukubwa wa nukta: ya kwanza ilifunika sentimita sita kwa mita mia, ya pili mara mbili ya hapo.

Evert alikiinua cha kwanza, akatazama nje dirishani, akakunja uso.

"Hiki kibovu. Sioni nukta hapa. Naona tunda lililokanyagwa na kiatu."

Siv alichukua kipande cha karatasi ngumu, akakitoboa kwa sindano, akamwambia atazame kupitia tundu lile. Evert akakiweka jichoni.

"Sasa ni duara."

"Basi kilengeo ni kizima. Jicho lako ndilo limepinda kidogo. Watu wengi wako hivyo na hawajui. Nenda kapimwe miwani, na mwanga usiuwashe mkali. Ukiwa mkali unatawanyika."

Alimpa kile cha nukta kubwa, akapunguza mwanga mpaka ukaonekana kwa shida ukutani lakini vizuri msituni. Evert akatazama tena, akavuta pumzi ndani. Ndiyo.

Kwa kawaida mteja aliiacha bunduki na kurudi kesho yake. Evert alisimama pale na kofia mkononi, akauliza kama ni lazima aondoke. Nyumbani hakuwa na la kufanya mpaka jioni. Siv akamwambia kahawa ipo, na maandazi ya mdalasini yapo kwenye friza, ni kuyapasha tu. Basi Evert akavuta kiti.

Mwenye kuijua kazi ile anajua haina haraka na haina siri. Tundu za skrubu zinasafishwa kwa spiriti mpaka mafuta yote yatoke. Kila skrubu inapata tone moja la gundi yake. Inakazwa kwa spana inayopima nguvu, isizidi wala isipungue, kisha unachora mstari mdogo wa rangi ya njano kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Skrubu ikilegea siku yoyote, mstari unakatika, na mwenye bunduki anaona. Siv alizifanya hivyo skrubu mbili za mbele huku Evert akizungumza.

Mzee alieleza jinsi Gudrun alivyokuwa akimsomea gazeti kila asubuhi, akianza na matangazo ya vifo, na jinsi yeye mwenyewe alivyobaki na mazoea ya kulisoma kwa sauti.

"Sasa namsomea nani?" alisema. "Nalisomea friji. Inanguruma kidogo, naona kama inakubali."

Siv alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka mwenyewe akashtuka, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia. Naye akaanza kusema. Alimsimulia baba yake alivyokuwa akizungumza na bunduki za watu na kuzikemea, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu miaka mingi. Kisha Evert akaiona picha ukutani, ya kambi ya wakata miti ya mwaka sitini na nane, akainuka kuisogelea, na kijana mwembamba wa tatu kutoka kushoto akawa ni yeye. Siv aliweka spana chini akaenda kuangalia. Evert alimtajia wote kwa majina, nani alikuwa mlevi, nani alimwoa dada wa nani. Siv aliporudi mezani alizitia skrubu mbili za nyuma kwa vidole, huku akigeuka kusikiliza, huku akicheka, akamimina kahawa ya pili. Evert alipoondoka ilikuwa karibu saa tisa, na jioni ile Siv alipika viazi akiimba.

Siku iliyofuata walikwenda pamoja kwenye uwanja wa shabaha. Siv alirekebisha nukta kwa mita themanini mpaka risasi tano za Evert zikaingia kwenye eneo la ukubwa wa kiganja. Wiki moja baadaye, akiwa na miwani mpya, Evert alifaulu pia mtihani wa elgi wa mbao anayepita kwenye reli. Kisha bunduki ikakaa mwezi mzima nyuma ya gari lake, ikitikiswa kwenye barabara za msituni.

Siku ya tatu ya msako dume la miaka miwili lilimtokea Evert kwenye kinamasi, mita hamsini tu. Aliiona nukta begani mwa mnyama, akafyatua. Elgi alipiga magoti, akainuka, akakimbia na mguu wa mbele unaning'inia. Mbwa walimfuata mpaka giza likaingia, wakaanza tena alfajiri, wakamkuta ng'ambo ya mto, kilomita nane kutoka pale, bado yu hai. Roland Åström, kiongozi wa kundi lao la uwindaji, ndiye aliyemmaliza. Waliporudi, Roland alikaa na Evert ndani ya gari. Alisema kwa upole kwamba mzee ameketi zamu akivizia wanyama miaka hamsini, kila mtu anamshukuru, na msimu uliobaki awasaidie kwenye kibanda chao, kukoka moto na kuchemsha kahawa. Evert akavuta pumzi ndani.

Siv alizipata habari kwa Roland mwenyewe, alipokuja wiki moja baadaye kununua risasi. Roland hakumlaumu mtu.

"Ni macho," alisema. "Ni umri tu, tutafika wote."

"Risasi ilikwenda wapi?"

"Chini, kushoto. Nusu mita hivi."

"Kwa mita hamsini?"

"Ndiyo maana nasema ni macho."

Mlango ulipofungwa, Siv alisimama na sanduku la risasi mkononi. Jicho linalofifia humfanya mtu asite, au asipige kabisa. Lakini Evert alikuwa ameiona nukta begani. Kama nukta ilikuwa begani na risasi ikaenda nusu mita pembeni, basi nukta ndiyo iliyohama. Akajaribu kuikumbuka siku ile. Aliikumbuka rangi ya njano kwenye skrubu za mbele. Aliikumbuka picha ya kambi, harufu ya mdalasini, friji inayokubali. Skrubu za nyuma hakuzikumbuka hata kidogo.

Hakwenda siku ile. Hakwenda wala kesho yake, alijitafutia kazi za kufanya na akazifanya. Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, alitia spana ndogo mfukoni akaendesha kilomita arobaini.

Evert alimfungulia akiwa na soksi tu, jikoni viazi vinachemka. Alidhani Siv ametumwa na mtu. Siv alipoiulizia bunduki, alisema iko kabatini, na kwamba alikuwa anafikiria kumpigia simu, huenda angemsaidia kuiuza. Akaitoa, akavuta mtambo wake nyuma kuhakikisha haina risasi, akamkabidhi na kurudi jikoni kuweka kahawa. Alikuwa akisema kwa sauti, kutoka kule, kwamba baridi ya usiku mwaka huu imewahi.

Siv aliipeleka bunduki dirishani. Mistari ya njano ya mbele ilikuwa mizima kama siku alipoichora. Nyuma hapakuwa na mstari wowote. Aliigusa skrubu ya kushoto kwa ncha ya kidole, ikazunguka.

Jikoni Evert alikuwa bado anazungumza. Spana ilikuwa mfukoni. Sekunde kumi zingetosha, na katika dunia nzima asingejua mtu.

"Evert," aliita. "Njoo uone."

Mzee alikuja akivaa miwani. Siv akamwonyesha za mbele, kisha za nyuma.

"Hizi sikuzikaza. Sikuweka hata gundi. Ni mimi, si macho yako."

Evert aliishika ile skrubu kwa vidole viwili, akaizungusha nusu, akairudisha, akaizungusha tena. Viazi vilifurika jikoni, maji yakachuruzika kwenye jiko moto, hakuna aliyekwenda.

"Kila asubuhi najipima kwa ile kalenda ya ukutani," alisema mwishowe. "Jicho moja, halafu la pili. Naisoma yote. Nikasema labda nimekariri."

"Nisamehe."

"Yule elgi alitembea siku nzima na usiku na mguu uliovunjika, Siv."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo."

Evert alikwenda jikoni, akaondoa sufuria, akasimama akiwa amempa mgongo. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. Alimwambia asiwaambie wenzake. Yeye aibu yake alishaizoea, na miaka ya kuwinda iliyobaki ni michache. Siv akiwaambia, nani atampelekea bunduki tena?

"Wamekutoa kwenye zamu yako kwa kosa langu," Siv alisema.

Evert akavuta pumzi ndani, akatazama sakafu. Kahawa haikunywewa.

Kutoka pale Siv alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha wawindaji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukifikia. Wanaume tisa walikuwa wakikata nyama kwenye meza ndefu, mikono mitupu mpaka viwikoni, mbwa wamelala nje kwenye majani makavu. Waliinua vichwa alipoingia. Alibaki mlangoni, akawaeleza kwa maneno machache: kwamba alikifunga kilengeo cha Evert, kwamba skrubu mbili za nyuma hakuzikaza, kwamba amezishika leo kwa mkono wake zikazunguka, na kwamba Evert alielekeza vizuri.

Hakuna aliyepandisha sauti. Mmoja alifuta kisu kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Changu pia ulinifungia wewe," alisema. "Mwaka jana."

"Vya kwetu karibu vyote," Roland alisema. "Ilikuwaje, Siv? Hujawahi kukosea."

Hapo ndipo ilipomuwia vigumu. Angeweza kusema alikuwa mgonjwa.

"Tulikuwa tunazungumza," alisema. "Nilifurahi. Nikasahau."

Wengine waliinamisha macho, kwa sababu alikuwa amesema jambo ambalo kule halisemwi mbele ya watu. Roland alimtazama kidogo, kisha akasema watazileta bunduki zote zikaguliwe. Siv akasema atazikagua mbele yao, bila malipo. Hakuna aliyemwambia aketi, na labda hakuna aliyejua kama angetaka. Alipokuwa anawasha gari alimwona Roland kupitia dirisha, simu sikioni, akajua anampigia Evert.

Jumatatu walileta bunduki kumi na moja. Siv alizipitia moja moja, nao wamesimama wakitazama vidole vyake. Zote zilikuwa sawa, kila mstari mzima. Walishukuru, wakavaa kofia zao.

Evert alikuja na yake peke yake, siku mbili baadaye. Siv alikivua kilengeo chote, akasafisha tundu zote nne, akaanza upya. Maandazi yalikuwa yamepashwa, birika limejaa. Alimwambia aketi.

"Leo fanya kazi tu," Evert alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisimama na koti lake mwilini, mikono mfukoni, akihesabu kwa macho: moja, mbili, tatu, nne. Rangi ilipokauka aliinamia mistari yote, akaridhika, akaichukua bunduki. Kabla ya kurudi porini alitaka mwenyewe kuupiga tena mtihani wa elgi wa mbao mbele ya Roland, akaupita bila kukosa. Oktoba ilipoanza alikuwa ameketi tena kwenye kinamasi chake.

Agosti iliyofuata karibu theluthi ya wateja hawakuonekana. Walikuwa wamegundua duka la mjini pwani, lenye maegesho mazuri. Hakuna aliyemtukana Siv wala kumkwepa. Wengine walimsalimu kwa uchangamfu zaidi kuliko zamani, na huo uchangamfu ndio uliomwambia. Naye alikuwa amebadilisha utaratibu. Skrubu zikiwa mezani, mlango ulikuwa na komeo, simu imezimwa, redio imezimwa. Mteja alipotaka kusubiri, alimwambia arudi kesho. Hakuna kazi yake iliyotoka na kasoro tena, na ndani ya karakana ile palikuwa kimya kiasi cha kusikia gundi ikidondoka.

Habari ya Evert aliipata kwenye duka la ushirika, mwishoni mwa Septemba, kwa mama wa kaunta aliyekuwa akimwambia mtu mwingine. Mzee Sjödin ameangusha dume kubwa, risasi moja, mita sitini, na mnyama hakupiga hata hatua. Kundi lilikuwa na karamu kibandani Jumamosi iliyopita, Evert akasimulia mpaka watu wakachoka.

Siv alifurahi. Alifurahi kwa dhati, tena alitamani kumuuliza yule mama, je, aliacha macho yote mawili wazi? Lakini foleni ilikuwa imesogea. Alilipia maziwa na mkate, akatoka, akaketi garini mikono juu ya usukani mpaka vioo vikafunikwa na mvuke wa pumzi zake. Kisha akavifuta kwa mkono wa koti akaondoka, kwa sababu saa saba kulikuwa na mtu anayeleta bunduki.